Kitanda kiko Gongo la Mboto, darasa liko Mlimani

Barua kwa Shangazi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 21, niko mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasomea ualimu wa kemia na baiolojia. Naishi kwetu Gongo la Mboto na baba, mama, kaka yangu na wadogo zangu wawili. Siku yenye kipindi cha saa moja naamka saa kumi na robo alfajiri. Saa kumi na dakika hamsini niko kituoni, napanda gari la kituo cha daladala cha Simu 2000, halafu lingine la kunipandisha chuo. Nikibahatika, saa moja kasoro dakika kumi niko mlangoni. Jioni maabara ikiisha nashuka Simu 2000 saa kumi na mbili, nyumbani nafika saa mbili na nusu, siku mbaya saa tatu.*

*Nikifika, kuna vyombo. Mama anauza chapati na uji asubuhi, kwa hiyo unga nakanda mimi usiku. Kaka amemaliza diploma anatafuta kazi, anashinda nyumbani lakini unga hagusi. Nikifungua daftari saa tano, nalala juu yake. Wenzangu wa hosteli wanafanya diskasheni saa tatu usiku, mimi nasoma walichoamua kwenye kundi la WhatsApp kesho yake nikiwa njiani.*

*Wiki mbili zilizopita ilinyesha mvua, foleni ikasimama kuanzia Buguruni mpaka Tabata Relini. Nilikuwa na testi ya dakika sitini. Nilifika zimebaki dakika ishirini. Niliandika huku nalia.*

*Nimemwambia baba nataka hosteli mwaka wa pili. Amesema hosteli ni za watoto wa mikoani, sisi nyumba ipo na kitanda kipo, kitanda kingine cha nini. Napata mkopo wa chakula na malazi, nusu nampa mama. Rafiki yangu ana chumba hosteli, amesema atanibeba, tulale wawili kitanda kimoja, nyumbani niseme tuna fildi, yaani mafunzo ya vitendo. Ninaye pia mama mdogo anakaa Sinza, karibu na chuo, ila sijazoea kwenda kwake. Nifanyeje, Shangazi? Nimechoka mpaka sipendi tena chuo nilichokililia.*

*Binti wa Gongo la Mboto*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi nimeirudia, kwa sababu hiyo safari naijua mwilini. Mwaka 1999 nilikuwa mwaka wa kwanza chuo hicho hicho, hapo Mlimani, nikitokea Kigamboni. Daraja halikuwepo, lilifunguliwa 2016. Sisi ilikuwa pantoni. Unavuka, unatembea kwa miguu mpaka Posta, unagombania gari la Mwenge, Mwenge unatafuta la chuo. Pantoni ikikwama ng'ambo, umekwama nayo. Nimewahi kusimama Kigamboni nikiona taa za mjini, maji yametutenganisha kidogo tu, na kipindi kinaanza.

Kwa hiyo kabla ya ushauri wowote: wewe si mvivu, na akili yako haijapungua tangu ulipopata zile alama za kidato cha sita. Umechoka. Na uchovu wako unahesabika, hebu tuuhesabu pamoja.

Asubuhi unatumia saa mbili njiani, jioni saa mbili na nusu. Ni saa nne na nusu kwa siku. Zidisha siku tano, zidisha wiki 15 za muhula. Utapata saa 337 na nusu. Ukizigawa kwa 24 ni siku 14, mchana na usiku, ukiwa umekaa au umesimama ndani ya daladala bila kushuka. Kila muhula. Hiyo hesabu iandike kwenye karatasi kwa mkono wako, nitakuambia ya nini.

Sasa hela. Hujanitajia nauli, lakini kwa umbali huo nakadiria 800 mpaka Simu 2000 na 600 kupanda chuo. Kwenda na kurudi ni 2,800, kwa wiki 14,000. Chakula cha mchana, maji na chai ya saa nne, hata ukijibana, hutatoka chini ya 3,500 kwa siku, yaani 17,500 kwa wiki. Boom lako, yaani ule mkopo wa chakula na malazi, kama unapata kamili ile 10,000 kwa siku iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, ni 70,000 kwa wiki. Nusu, 35,000, unampa mama. Toa vyote hivyo. Umebakiwa na 3,500 ya bando, fotokopi, sabuni, pedi na dharura. Mwanangu, hapo hata ukipewa kitanda hosteli kesho utakilipia nini?

Hapa ndipo nilipotulia zaidi kwenye barua yako. Baba amezungumzia kitanda, lakini nadhani nyumba nzima inajua, bila mtu kutamka, kwamba ukihama na ile nusu inahama. Sisemi wazazi wako ni wabaya. Mama anayeamka usiku kuchoma chapati anajua thamani ya kila shilingi, na mtoto anayemkumbuka mama yake ana baraka. Ila hiyo pesa si mshahara. Ni deni lako peke yako. Siku utakapoajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako mpaka liishe, na wakati huo hakuna atakayekumbuka kwamba lilinunua unga. Kwa hiyo usikate msaada, upunguze na uupe kiwango. Mwambie mama: nitakupa 15,000 kila wiki, haitapungua wala haitazidi mpaka nimalize. Mfanyabiashara anapenda kiasi cha uhakika kuliko kikubwa kisichojulikana lini kitakuja. Ile 20,000 inayobaki iweke pembeni, mahali usipoigusa kirahisi. Ndiyo kitanda chako cha mwaka wa pili.

Tuje kwa baba. Anaposema hosteli ni za watoto wa mikoani hajatunga. Watu wengi wa Dar wanaamini hivyo, kwa vile wanaona chuo kipo hapa hapa mjini. Lakini chuo kile kilipohama Mtaa wa Lumumba kwenda kilimani mwaka 1964, kilijengewa mabweni pamoja na madarasa. Mwanafunzi alitarajiwa alale kule, ale kule, saa tatu usiku awe maktaba. Mji umekua, wanafunzi wameongezeka mara nyingi mno, na hata yale mabweni yaliyofunguliwa 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840 hayawezi kumchukua kila mtu. Ratiba lakini bado inamfikiria yule anayelala dakika kumi kutoka darasani. Kipindi cha saa moja asubuhi, maabara ya jioni, diskasheni ya usiku. Wewe unaifuata ratiba ya mtu wa bwenini ukiwa na mwili wa mtu wa Gongo la Mboto.

Baba hawezi kuliona hilo kwa kuambiwa "nimechoka". Yeye naye amechoka, kila mtu Dar amechoka. Mpelekee ile karatasi. Usimpelekee Jumatatu usiku ukiwa umevimba macho. Subiri Jumapili mchana, mkiwa mmekula, mama akiwepo. Anza na shikamoo na shukrani, halafu sema: baba, naomba nikuonyeshe hesabu ya muhula. Siku 14 za barabarani. Dakika 40 za testi zilizopotea. 14,000 za nauli. Kisha usiombe hosteli. Nisikilize vizuri hapa: safari hii ya kwanza usiombe hosteli.

Omba Sinza.

Mama mdogo umempa mstari mmoja tu, mwishoni kabisa, kama kitu kisicho na maana, na kwangu ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye barua hii. Mimi chuo nilikimaliza kwa sababu ya shangazi yangu wa Mwananyamala. Baba yangu alikuwa karani, hosteli hakutaka kuisikia, hofu yake ilikuwa ile ile ya baba wengi wenye mabinti, hata kama baba yako hajaitamka. Lakini dada yake hakuweza kumkatalia. Nikawa nalala Mwananyamala Jumanne na Alhamisi, siku zangu mbili nzito. Siku mbili tu. Muhula ule ule nilianza kusoma maktaba mpaka saa mbili usiku, na Jumatano na Ijumaa nilikuwa naamka saa kumi na moja na nusu kama binadamu. Sikupata usingizi mtamu kama ule wa kwenye godoro la chini katika chumba cha binamu zangu.

Ila kuna namna ya kulifanya. Usimpigie wewe mama mdogo, mwombe mama ampigie, kwa sababu ni mdogo wake na ombi likitoka kwa dada lina uzito. Waelewane siku gani na mpaka lini, isiwe "atakuwa anakuja kuja". Ukienda usiende kama mgeni. Sukari kilo moja, au sabuni ya kufulia, mara moja kwa wiki. Ukiamka tandika, osha vyombo vya usiku kabla hujatoka, fagia uwanja kama upo. Shangazi yangu alikuwa na kawaida ya kuniachia chakula kwenye bakuli lililofunikwa sahani, nami nilikuwa namwachia ndoo zake zimejaa maji. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo. Miaka mitatu.

Na umesema mwenyewe kwamba hujazoea kwenda kwake. Utazoea. Ndugu wa mjini wengi hatuwajui kwa sababu tunakutana misibani tu.

Halafu kuna unga. Umeandika kwa upole sana kwamba kaka hagusi unga, mimi sitakuwa mpole hivyo. Mtu mzima mwenye mikono miwili, anayeshinda nyumbani, anaangalia dada yake anarudi saa mbili na nusu usiku kutoka maabara kisha akande unga? Hapana. Wanaume wangapi wanakanda chapati mgahawani na kulipwa kwa kazi hiyo? Usigombane naye. Kwenye kile kikao cha Jumapili mwambie mama, kaka akisikia: siku za wiki nitakazokuwa na maabara, naomba kaka akande, mimi nitakanda Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na nguo za nyumba nzima nitafua Jumamosi. Umetoa kitu, umeomba kitu. Mama anaweza kukataa mara ya kwanza akisema mkono wa kaka ni mzito. Mkono unafundishika.

Huko chuo nako kuna mambo ya kupanga. Semina mara nyingi zina makundi kadhaa, na mwanzoni mwa muhula mtu huandika jina kwenye kundi analotaka. Wenzako wa hosteli wanaandika popote. Wewe uwe wa kwanza kwa CR, yule mwakilishi wa darasa, uchukue ya saa nne au saa sita, siku ambayo tayari una vipindi vingine. Ukiweza kubana vipindi ili upate siku moja ya kutokwenda kabisa, umejirudishia saa nne na nusu. Kuhusu diskasheni, usisubiri wakupangie. Waambie kundi lako: mimi saa kumi jioni siku isiyo na maabara niko kwenye kimbweta hiki, yale mabenchi ya nje ya kusomea, na sehemu yangu ya swali nitakuja nimeimaliza. Mtu anayekuja na kazi iliyokamilika hufuatwa. Anayeomba radhi kila siku kwa sababu ya umbali huzoeleka, na jina lake huandikwa mwisho kwa huruma. Wewe si wa kuhurumiwa.

Tena acha kusomea nyumbani siku za wiki. Kabisa. Hilo daftari la saa tano usiku linakuibia usingizi na halikupi alama. Maktaba mpya pale ni kubwa. Saa zilizo wazi kati ya vipindi, ambazo najua mnazimalizia kafeteria mkipiga stori, ndizo saa zako za kusoma. Ukifika nyumbani kula, oga, ongea na wadogo zako kidogo, lala.

Kubebwa nakukataza. Sheria za hosteli haziruhusu, na mkikamatwa anayepoteza chumba ni rafiki yako aliyekuhurumia. Pia fikiria ile kauli ya "tuna fildi". Siku mdogo wako akiugua usiku, mama atakutafuta huko fildini, atampigia nani? Baba yako akigundua uongo mmoja, ile karatasi ya hesabu haitakuwa na thamani tena. Umebeba ukweli wenye nguvu, usiuharibu kwa uongo mdogo.

Ukifika mwisho wa mwaka wa kwanza, alama zikiwa zimepanda, ndipo uombe hosteli. Ukikosa nafasi chuoni, kuna vyumba vya kupanga Msewe, Changanyikeni, Makongo, ambako wanafunzi huchangia wawili au watatu. Jua tu kwamba wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa pamoja, ndiyo maana nimekuambia uanze kuweka ile 20,000 sasa. Linganisha bei na nauli yako ya muhula, ambayo ni 210,000. Baba akiona namba hizo mbili zimekaa pamoja ataongea lugha nyingine.

Niandikie baada ya ile Jumapili. Nataka kujua kaka alisema nini.

*Shangazi, mimi ni mzazi, nakaa Mbezi. Kijana wangu yuko chuo mwaka wa pili, pale mjini. Anatoka hatujaamka, anarudi saa nne usiku, anaingia chumbani, haongei. Chakula hali. Jumamosi analala mpaka saa saba mchana. Nimemwambia hapa si gesti. Baba yake anataka kuanza kufunga geti saa tatu. Tunakosea wapi?*

*Mama wa Mbezi*

Mama mwenzangu, pole, na geti msilifunge. Mtoto anayekuta geti limefungwa saa nne usiku atatafuta pa kulala, na hamtapapenda.

Mwombe ratiba yake, ile ya vipindi, uibandike jikoni. Hujanitajia kama umewahi kuiona. Ukiona Jumatano ana kipindi mpaka saa moja jioni, kisha mwendokasi umejaa mpaka mlangoni, saa nne yake itakuwa na maelezo. Ukiona Jumatatu anamaliza saa nane mchana na bado anarudi saa nne, hapo una swali la haki la kumuuliza, na ukiwa na ratiba mkononi utauliza kwa utulivu. Mimi nina kijana pia. Nilijifunza kwamba akifika usiku hajibu swali lolote la "ulikuwa wapi", lakini nikimwekea wali kwenye hotipoti na kukaa pale mezani nikichambua mchele wa kesho, bila kumuuliza kitu, baada ya dakika kumi anaanza mwenyewe.

Kuhusu Jumamosi, mwache alale mpaka saa nne, halafu awe na kazi moja ya nyumba ambayo ni yake, isiyofanywa na mtu mwingine akichelewa: maji, au kufyeka, au kwenda sokoni. Neno "gesti" liacheni. Anapolala mtoto wenu ni kwao, hata asipoongea.

*Shangazi, natoka Mbagala kila siku. Je, nisome kwenye daladala au nilale? Halafu jioni nigeuze nalo, yaani nilipande likienda upande wa pili na kurudi nalo, ili nipate siti, au nisimame? Kugeuza ni nauli ya ziada.*

*Kijana wa Mbagala*

Asubuhi lala, ukiwa umepata siti. Nilijaribu kusoma kwenye gari mwaka mzima, nikaishia kichefuchefu na mistari niliyoirudia mara nne. Kinachowezekana ni kusikiliza: mwombe mwalimu ruhusa ya kumrekodi, kisha umsikilize kwa sikio moja, la pili liache wazi umsikie konda na walio karibu nawe.

Jioni geuza siku moja au mbili tu kwa wiki, zile ulizosimama maabara au uwanjani tangu mchana na miguu imeisha. Siku nyingine kaa maktaba mpaka wimbi la kwanza lipite, kama njia ya kutoka kituoni mpaka kwenu ina taa na watu. Begi liwe mbele kifuani, simu ndani yake, zipu iangalie kwako.